Nyumba Isiyo na Pua

Mwanangu Generoza,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliipokea, ingawa uliitoa shingo upande na macho ukayaelekeza kwenye ndoo. Nikaitika marahaba, nikaenda zangu nyuma ya nyumba kujifanya natafuta nyundo. Nyundo ilikuwa mkononi. Ndivyo tulivyoishi siku nne hizi, wewe umenuna na mimi natafuta nyundo, na katikati yetu limesimama gari ambalo kesho litakuchukua.

Sikuandikii habari ya maji ya rejeta, wala hewa ya tairi, wala namna ya kufunga mizigo isigongane mlimani. Dereva wenu Yohana anayajua hayo, na wewe mwenyewe umekulia miguuni pa fundi. Hujaanza shule ulikuwa unanipa spana ninayoitaka kabla sijamaliza kuitaja. Wala sitakwambia ule nini na ulale saa ngapi. Bibi yako atakwambia yote hayo kesho, mara mbili, na katikati atalia.

Nakuandikia habari ya matundu.

Nianze na kule yadi ya Biharamulo, maana huko ndiko ulikoanza kunikasirikia. Mkuu wenu wa kazi alikupa heshima. Yalikuwepo magari mawili ya kulala, akasema wewe na mwenzako Stefania mchague moja, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoishi ndani yake miezi minane mkizunguka vijijini kupima damu za ng'ombe na za watu. Ukaniomba niende nawe nikakuchagulie. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilipiga shati pasi. Siku hizi hakuna anayeniomba nichague kitu, labda kuku wa kuchinja.

Ulilipenda lile la kwanza, na ulikuwa na haki. Bodi ya bati, rangi mpya, vioo vizito visivyofunguka, mlango unaofunga kwa mlio mmoja laini. Ndani palikuwa kimya kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Stefania aliketi kitandani akacheka kwa raha. La pili lilikuwa lori la zamani lenye nyumba ya mbao mgongoni, mbao zimeachana hata unaona mwanga wa nje, na mlango wake ukiufungua unalia. Nililala chini nikakagua chesisi na springi za yote mawili, nikasikiliza injini, nikanusa mafuta. Lile la bati lilikuwa zima zaidi. Siku ile nilikwambia gia yake inateleza. Nilikudanganya. Gia yake haikuwa na kasoro yoyote. Nilichagua lile la mbao kwa sababu lilikuwa linapitisha upepo, na sikuwa na ujasiri wa kukueleza kwa nini jambo hilo linanihusu.

Ukasema mbele ya mkuu wako, "Baba, hata gari unanichagulia uzee." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaomba tuje nalo hapa Nyamiaga nilitengeneze kidogo kabla ya safari, wakakubali, nikakupa sababu nyingine ya kuninunia.

Siku ya kwanza ulinikuta natoboa bodi kwa keekee na kumalizia kwa msumeno. Matundu manne, mawili karibu na sakafu na mawili juu chini ya paa, kila moja upana wa kiganja. Uliniuliza kama nimesahau kazi yenu ni nini. Mnakwenda katika nchi ya mbung'o, na baba yako aliyezeekea katika kazi ya mbung'o anawafungulia mlango waingie. Sikukujibu. Nilipigilia wavu wa waya juu ya kila tundu, nikaendelea. Siku ya pili nikang'oa kijukwaa cha jiko kilichokuwa ndani, nikakipeleka nje, nyuma ya bodi, nikakifunika kwa kipande cha turubai. Stefania akauliza, mvua ikinyesha watapika vipi? Nikasema watalowa. Hapo ndipo ulipoacha kusema nami.

Sasa nakujibu. Nimechelewa miaka kumi na moja.

Unalikumbuka lori letu la kijivu. Azimio lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu, na kule porini, upande wa Runazi, watu walikuwa wanakusanyika kuanzisha kijiji. Walikuwepo Wasubi wenyeji, sisi Wahangaza wachache, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza. Idara ya mbung'o, ambako nilikuwa fundi na dereva, ilitutuma tukafyeke na kunyunyiza dawa ili mbung'o wasimalize mifugo. Mama yako alikataa kubaki Nyamiaga. Alisema ameolewa na mwanamume, hakuolewa na barua. Basi nikaomba ruhusa, nikajenga nyumba mgongoni mwa lori. Kitanda kimoja kipana, kingine chako cha kukunja, kabati, na kizimba chini ya kitanda, kwa sababu mama yako hakuwa mtu wa kusafiri bila kuku.

Na nyumba ile niliiziba. Niliiziba kama mtu mwenye wazimu wa kazi yake. Kila ufa niliupaka lami, juu ya lami nikapigilia vipande vya mpira wa tyubu, juu ya mpira turubai. Bosi wetu alikuja akajifungia ndani mchana wa jua kali, akatoka akasema hakuona hata mshale mmoja wa mwanga, na kwamba inzi wa nyumba hii atazaliwa humu humu au hatakuwepo. Alisema hayo mbele ya madereva wote. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Nikatafuta kingine cha kuziba. Unajua kifuniko cha tangi la mafuta kina kitundu kidogo katikati; vumbi lilikuwa linapita hapo, basi nacho nikakiziba kwa lehemu.

Mama yako aliingia, akaketi, akatazama juu na pembeni. Akasema, "Baba Generoza, nyumba hii haina pua."

Nikamwambia ndiyo vizuri, mbung'o hupitia puani. Alicheka, kwa sababu alinipenda. Lakini alilirudia neno lile siku nyingine, na siku nyingine tena, na kila mara nilikuwa na mzaha wa kumjibu. Nina mizaha mingi, unanijua. Ningetoa yote niliyobaki nayo nirudishe huo mmoja.

Pale kijijini jirani yetu alikuwa Bibi Minza, mjane wa Kisukuma, mrefu, mwenye sauti ya kiume. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na cha mama yako hakikupita sokoni, lakini walikaa pamoja tangu asubuhi hadi jua linazama, wakielekezana kwa mikono na kucheka. Wewe ulishinda kwake ukicheza na wajukuu wake. Alikuwa anapika michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke kama vijiti, anavichemsha na karanga. Mama yako alivipenda mno. Alikuwa anaficha kidogo ili nisimalize.

Kisha lori likaanza kusumbua. Linakwenda saa moja, linakohoa, linazima. Ukiliacha hadi kesho yake na kuongeza mafuta linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Nilisafisha plagi, nikafungua kabureta, nikabadili waya. Mwisho nikaamua ni pampu ya mafuta. Nilikuwa na uhakika, kama ninavyokuwa na uhakika siku zote. Nikachukua baiskeli ya balozi wetu wa nyumba kumi, nikaenda Biharamulo mjini kutafuta pampu, nikijua nitalala huko.

Mvua ilianza mchana ule, ile mvua ya baridi isiyo na radi. Ilikukuta kwa Bibi Minza, ukasinzia kule, na jioni yeye mwenyewe alivuka matope na bakuli la michembe chini ya khanga, akamwambia mama yako amwache mtoto alale. Mama yako akala. Akabaki peke yake na kuku wake, na baridi. Akafanya alichofanya mama yake na bibi yake, na unachokiona kila nyumba ya huku wakati wa masika: akaingiza moto ndani. Aliwasha mkaa nje chini ya turubai, ulipokolea akaliingiza jiko, akafunga mlango. Watu wetu wamelala na moto ndani maisha yao yote na wameamka. Usiku ule ule wewe ulilala kwa Bibi Minza, moto katikati ya nyumba, moshi hadi kwenye boriti, na ukaamka ukidai uji. Lakini nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi zinapumua. Mama yako alikuwa amelala ndani ya kazi yangu.

Nilirudi kesho yake mchana, pampu nimeifunga kwenye kerea ya baiskeli. Niliona watu wamezunguka lori nikadhani wamekuja kuangalia ubovu.

Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri kuliko siku zote. Wanawake walisema, tazameni alivyopendeza, huu si ugonjwa, mtu wa ugonjwa hafi hivi. Jiko lilikuwa katikati ya sakafu, majivu meupe. Nikapiga magoti nikavuta kizimba cha chini ya kitanda. Kuku wake, yule wa madoa, alikuwa amekufa naye.

Generoza, zamani gereji, kabla hujazaliwa, fundi mkuu alikuwa anatufukuza kwa fimbo tukiwasha injini milango imefungwa. Alitwambia moshi unaua bila kelele, na moshi usioonekana ndio mbaya zaidi. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilipomwona kuku, nilijua, na nikajua kwamba mwingine akimwona atajua pia. Nikamfunga katika kitambaa cha kufutia oili, nikatoka kama mtu anayekwenda haja, nikamtupa kichakani nyuma ya choo. Nilifanya hivyo kabla sijamlilia mama yako hata chozi moja.

Alasiri iligongwa rimu. Ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini kuita kikao niliwapa mimi, ilikuwa zawadi yangu kwa kijiji. Watu wakakaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema lakini aliogopa, kijiji kilikuwa na miezi michache tu, watu wa makabila matatu wasiojuana, na sasa mwanamke mzima kalala hakuamka. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kila mtu akamtazama jirani yake. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nguo iliyosemwa nilikuwa nimeivaa mimi.

Wakakuita wewe. Ulikuwa na miaka minane. Mwenyekiti akachuchumaa akakuuliza kwa upole, jana mama alikula chakula cha nani? Ukainua kidole ukamwonyesha Bibi Minza. Ulisema kweli, uliulizwa chakula ukajibu chakula. Mkono wako mwingine ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nilikuwa nimekushika, nikauhisi mwili wako ukinyooka ulipoinua kidole, na sikukuvuta.

Bibi Minza hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Deleva, sema. Nyumba hii unaijua wewe."

Nikasema, "Mimi sijui kitu. Nilikuwa safarini."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyaandika hapa ili usiyasikie kwa mtu mwingine.

Nilifunga pampu mpya, nikamimina mafuta niliyokuja nayo, lori likawaka, na watu wakasema ona, kumbe ilikuwa pampu. Tukamleta mama yako nyumbani, wewe umelala kwenye kiti cha mbele, wanaume wawili wa kijiji wamekaa nyuma na mwili. Kabla ya kufika Kasulo lori likakohoa, likazima. Pampu mpya. Nilishuka. Sijui kwa nini mkono wangu ulikwenda kwenye kifuniko cha tangi. Nilipokizungusha, tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezama akaibuka. Nikasimama na kifuniko mkononi, lehemu yangu iking'aa katikati. Tangi halikuwa linapata pumzi. Mafuta hayawezi kutoka kama hewa haiingii, na hewa nilikuwa nimeizuia mimi. Sikuhitaji kwenda Biharamulo kabisa. Ningekuwa nyumbani usiku ule.

Nilichukua msumari nikakitoboa kile kitundu. Wanaume wakauliza kuna nini, nikawaambia uchafu tu. Barabara ilikuwa nyembamba lakini lori lingegeuka. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na kijiji kilikuwa nyuma yangu saa chache tu. Nikawasha gari nikaendelea kuja Nyamiaga.

Wiki ile ile wanakijiji walimwita Bibi Minza mchawi, wakamwezua nyumba, wakachoma ghala lake. Mwanawe alimhamishia Kasulo. Niliambiwa na dereva mwenzangu kama habari ya kawaida, na nikaitikia kama habari ya kawaida.

Kisha ukaanza habari ya kidole. Bibi yako alikufundisha kutema mate ukiona michembe sokoni, na alikusifia mbele ya wageni kwamba ulimtaja mchawi bila kutetemeka. Lakini mimi nilikuona. Ulikuwa unakificha kile kidole ndani ya ngumi. Ulikula kimekunjwa, uliandika shuleni kwa kalamu umeishika kiajabu hadi mwalimu akakuchapa. Ukiwa na miaka kumi uliniuliza, kidole kilichomnyooshea mtu akafukuzwa, huwa kinaoza? Nikakwambia lala. Hata juzi pale yadini, watu walipocheka ile kauli yako ya uzee na ukaona haya, kilikunjwa. Umekuwa mtu mzima, unasoma hadubini, wakubwa wanakuita Bibi Generoza, na bado umebeba mzigo niliokutwika ukiwa na miaka minane. Moyo wangu umevunjika hapo, mwanangu. Kifo cha mama yako nilikisababisha bila kujua. Hili la kidole nililitazama likitendeka.

Utauliza mbona sasa. Ningependa kusema ni kwa sababu unakwenda kulala ndani ya gari. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa hilo pekee ningetoboa matundu nikanyamaza, kama nilivyofanya siku nne hizi.

Vita vilipoanza na magari ya idara yakachukuliwa kubeba unga na mablanketi kwenda kaskazini, nilipanda lori pamoja na madereva wengine, mzee kama nilivyo. Hilo unalijua. Usichojua ni kwamba katika safari ya pili tulisimama Kasulo. Wanakijiji walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara na vyakula vya kuwapa askari na madereva, ndizi, mahindi ya kuchoma, maji. Mkono mrefu ukaingia dirishani kwangu na michembe kwenye jani la mgomba. Nikaujua mkono kabla ya uso. Alikuwa amezeeka sana, jicho moja lina ukungu, lakini alinijua.

Nilingoja anitemee mate. Badala yake akasema, "Deleva. Yule mtoto alikua?"

Nikamwambia amekua, anasomea kupima damu. Akacheka kile kicheko chake cha kiume. Akasema usiku ule ulimkojolea kitandani, ukalowesha ngozi yote ya ng'ombe aliyokuwa anailalia, na asubuhi uliona aibu ukakimbilia nje kabla hajakwambia si neno. "Mwambie ngozi ilishakauka."

Gari la mbele likapiga honi, tukaondoka. Sikumwambia asante, sikumwambia nisamehe. Nilikwenda mpaka msituni nikasimamisha lori, nikala michembe yote, bila maji, nikilia kama mtoto. Wewe hujaionja tangu siku ile, kwa hiyo nakwambia mimi niliyekula. Haina kitu. Ni viazi tu.

Ujumbe wake nimekaa nao tangu vita hadi leo. Alikupelekea maneno matamu na mimi nikayaweka mfukoni, kwa sababu nisingeweza kukupa bila kukupa na mengine yote. Huyo ndiye baba yako. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikamfanya mtoto wangu aufiche pamoja nami bila kujua anaficha nini.

Sina hekima ya kukupa. Nimetafuta tangu adhuhuri nikiwa na kalamu hii na sikuipata. Ninachojua ni cha fundi. Kosa langu halikuanzia kwenye lami. Kuziba ufa si kosa. Kosa lilikuwa kwamba mtu aliyelala ndani aliniambia mara tatu kwamba kuna kitu hakiko sawa, nami nikamsikiliza kama ninavyosikiliza redio. Utakuwa mkubwa kazini, nakuona. Utakuwa na uhakika na mambo mengi, kwa maana umenirithi. Stefania akikwambia kitu, hata kiwe cha kipuuzi, muulize tena anamaanisha nini. Basi. Mengine utakosea mwenyewe.

Matundu usiyazibe. Mkiona baridi, nimewawekea mablanketi matatu zaidi chini ya kitanda cha kulia, ni yale ya kijivu. Moja lilikuwa la mama yako. Na lile jiko libaki nje hata mvua iwapige.

Bibi yako bado hajui. Nimeanza na wewe kwa sababu kidole kilikuwa chako. Nikirudi nitamwambia, na najua huenda akanikataza chakula chake. Nitastahili.

Nasema nikirudi kwa sababu nami nasafiri. Barua hii nitaiegemeza kwenye kikombe chako, uikute utakapoamka. Mimi nitakuwa nimeshaondoka alfajiri kwa miguu, kwa njia ya Kasulo. Nimebeba shati moja na kile kifuniko cha tangi. Nilikitoa kwenye lori kabla halijachukuliwa, nikakiweka miaka yote hii ndani ya kopo la misumari. Nitampa Bibi Minza akishike, nimweleze kilivyokuwa, kisha niombe aitiwe mwanawe na majirani zake wa sasa, niyaseme mbele yao. Baada ya hapo, kama miguu itaruhusu, nitaendelea hadi kule kijijini Runazi. Rimu yangu nadhani bado wanayo. Nitaigonga mwenyewe.

Wewe hutakiwi kuja popote. Hukutenda kosa. Uliulizwa chakula, ukajibu chakula.

Gari lenu litanikuta njiani, pengine kabla jua halijapanda sana, maana natembea polepole siku hizi. Utaniona kwa mbali, utanijua kwa kofia. Ukimwambia Yohana asimame, nitapanda, na nitakaa kimya kama hutaki niseme. Ukimwambia apite, nitasogea pembeni mpishane nami vizuri, na sitakulaumu hata chembe. Sitageuka kutazama ni lipi umeamua, nitasikiliza tu injini.

Ila ukinipita, mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Mkifika pale Kasulo mtamkuta kandokando ya barabara, madereva wanasema huwa anakaa hapo na ungo wake. Usimnyooshee kidole. Mpe mkono wote, umwamkie, umwambie wewe ndiye yule aliyelowesha ngozi.

Mimi baba yako,
Baba Generoza